Jumatano Niliyoirekodi Kabla Haijafika

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mmeitikia kwa nguvu, nashukuru. Sijui kama nikimaliza mtaitikia hivyo hivyo, lakini nitasema, maana dakika hizi nimemwomba mchungaji mwenyewe, na sitaki kurudi kwenye benchi bado nikiwa na mzigo huu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Atupele, Mama Lugano, muuza mchele wa hapa hapa Bujonde. Mnanifahamu kama mama wa maombi ya Alhamisi, yule anayelia kuliko wote. Ndugu zangu, msinisifu kwa machozi yale. Mengi yalikuwa ya aibu tu, na nyinyi mlikuwa mnanipa leso mkidhani Roho amenishukia.

Biashara yangu ilianza vizuri na ilianza kwa haki. Mchele wetu wa Kyela hauhitaji kupigiwa debe, harufu yake inatosha. Lakini wateja walioko mbali hawainusi harufu kwenye simu, ikabidi niwaonyeshe kitu. Nikawaonyesha Mama, yaani mama mkwe wangu, Bibi Tusekile, marehemu. Nilimrekodi siku moja tu anapeta mchele, anaimba, anacheka na lile pengo lake la mbele, nikaweka mtandaoni. Watu wakampenda! Oda zikaja kutoka Dar, Dodoma, mpaka Mwanza. Nikaubadilisha jina ukurasa wangu, ukawa Mchele wa Bibi.

Shida ilikuwa muda. Shamba linakutaka, kokoa inakutaka, mpunga uko kwenye turubai na wingu limetanda, halafu wateja nao wanataka kumwona Bibi kila siku. Nikaenda kwenye semina ya wajasiriamali pale mjini. Dada aliyetufundisha akasema: mjasiriamali mwerevu anatengeneza posti za mwezi mzima kwa siku moja. Kuna programu, unaipakia posti zako zote, unaipa siku na saa, yenyewe inaziachia moja moja huku wewe uko shambani umezama kwenye tope. Nikapiga makofi kuliko wote. Dada yule hakufundisha uongo, nasema hili mbele za Mungu. Uongo niliuongeza mwenyewe nyumbani.

Alhamisi moja nikamketisha Mama chini ya upenu, simu nimeiegemeza kwenye gunia. Nikamvalisha kitenge hiki, anasema maneno, nakata. Namvua, namvalisha kingine na kilemba kingine, ili ionekane ni siku nyingine. Na kila video nilimtaka aanze na neno "leo." Leo Jumatatu nimeamka salama. Leo Jumanne nimekula mbalaga, ndizi zetu za kupika. Leo Jumatano nina nguvu zangu, nawasubiri wageni wangu. Wateja wanapenda kuona jambo bichi, nilijiambia.

Mama aliniangalia, akauliza, "Mama Lugano, kwani leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi, Mama. Hii ni ya Jumatano ijayo."

"Nitajuaje kama Jumatano nitaamka na nguvu?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Utaamka, Mama. Sema tu."

Akasema. Alikuwa amechoka, naona sasa nikitazama zile video, mkono unatetemeka kwenye ungo. Aliomba maji mara mbili na mara mbili nilimwambia, moja tu Mama, tumalizie hii. Video ishirini na saba kwa siku moja! Nilijiona mjanja wa wajanja. Usiku huo nililala kama mtu aliyevuna ekari nzima.

Wiki iliyofuata, Mama akaanguka akitoka kuota jua. Tukamkimbiza hospitali, na Jumanne, jua likiwa bado halijawa kali, akafariki.

Ndugu zangu, mnajua tunavyofanya. Mtu aliye safarini hatumwambii msiba kwenye simu. Tunamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo, ili asije akapata la kumpata njiani. Mume wangu akampigia kaka yake, shemeji yangu Ambakisye, kifungua mimba wa Mama, aliyeko Dar. Akamwambia, "Mama hali si nzuri, panda basi la asubuhi." Na Ambakisye alikuwa na mke mjamzito, siku zake zimefika. Na mnakumbuka pia, mwaka uliotangulia ukoo ulimwita hivyo hivyo, Mama amezidiwa, kumbe Mama mzima na walitaka tu aje kwenye kikao cha mpaka wa shamba. Hata hivyo akamwacha mkewe kwa jirani, akapanda basi Jumatano alfajiri.

Mimi wakati huo niko kwenye nyumba ya msiba, simu nimeitupa kwenye kikapu, sikumbuki posti wala programu. Lakini programu ilinikumbuka. Saa mbili asubuhi, Jumatano, Mama yuko mochwari, ikamwachia Mama mtandaoni na kilemba chake cha kijani, anacheka: leo Jumatano nina nguvu zangu!

Basi liliposimama Morogoro watu wale, Ambakisye akafungua simu. Akamwona mama yake. Akalia kwa furaha, alikuja kuniambia baadaye. Akasema moyoni, hawa wamezoea kunitisha. Akashuka, akapanda basi la kurudi kwa mkewe.

Mchana akampigia mume wangu. Mume wangu aliweka simu chini kwa hasira, akaja kutuambia ndani, mbele ya shangazi zake wote: "Ambakisye amegeuza. Anasema amemwona Mama mtandaoni leo, mzima. Huyu ametafuta sababu tu."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa pale pale kwenye mkeka. Nikajua. Katika nyumba ile yote nilijua mimi peke yangu. Nikanyanyuka kama mtu anayekwenda kuchota maji, nikapita nyuma kwenye migomba, nikafungua simu. Kopa za kupenda zimejaa chini ya video. "Bibi hazeeki!" mmoja ameandika. Nikaifuta ile posti. Nikazifuta zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, vidole vinateleza kwa jasho. Halafu nikarudi ndani, nikakaa mahali pangu, nikanyamaza.

Hapo ndipo penye dhambi yangu, naomba msiisingizie simu. Kusahau kuzima programu ni bahati mbaya. Lakini wazee walikuwa nje wanashauriana muda ule ule: tumsubiri mtoto mkubwa au tusimsubiri? Sentensi moja tu kutoka kwangu wangesubiri. Sikuisema! Niliogopa kuitwa mwanamke aliyemfanyia marehemu biashara. Wakaamua: aliyegeuza kwa hiari yake hasubiriwi. Walipompata kwenye simu jioni na kumwambia ukweli, kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa. Tulimzika Mama Alhamisi mchana. Ambakisye alifika Alhamisi giza likiingia, akakuta udongo umeshalainishwa kwa majembe na maua juu yake.

Hakuna aliyempa mkono. Shangazi mkubwa alimwambia mbele ya watu, "Mama yako alikusubiri, wewe ukageuza gari." Akajitetea kwamba alimwona Mama kwenye simu. Vijana wakatafuta, hawakuona kitu. Ikawa amegeuza, na tena ni mwongo.

Kesho yake alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni kwa adabu, hakuingia.

"Shemeji, ukurasa ni wako. Niambie. Nilimwona Mama au niliota?"

Bwana anisamehe. Nilikuwa nachambua usipa, dagaa wetu wa ziwani, sikuinua hata uso. Nikamjibu, "Labda uliona ya zamani, shemeji."

"Alisema Jumatano."

"Jumatano ziko nyingi."

Akaondoka. Mkewe alijifungua wiki hiyo hiyo, mtoto wa kike. Akatuma ujumbe kwamba anataka kumwita Tusekile, jina la bibi yake. Shangazi wakakataa. Jina la Mama halipewi nyumba ya mtu aliyemkimbia Mama, ndivyo walivyosema, na ujumbe ule wa kukataa wakanipa mimi niuandike kwa sababu nina mwandiko mzuri wa simu. Niliuandika, ndugu zangu. Nikabonyeza, ukaenda.

Miezi sita mtoto yule alikaa bila jina la ukoo, wakimwita Mtoto tu. Mimi nakuja hapa kila Alhamisi, nalia, napewa leso.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu alivyonifuata. Hakunitumia nabii. Biashara ilikuwa imelala, nikasema nitafute vipande vya zamani vya mpunga na ungo, ambavyo Mama haonekani, nitengeneze posti mpya. Nikafungua zile video mbichi za Alhamisi ile, kabla sijazikata. Mnaorekodi mnajua, mwisho wa kila video kuna mkia, yale maneno mtu anayosema akidhani umeshazima. Mikia yote nilikuwa naikata bila kuisikiliza, nilikuwa na haraka ya kufikia ishirini na saba.

Nikaisikiliza ya Jumatano. Mama anamaliza kusema nina nguvu zangu, anashusha ungo, anapumua. Halafu anasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ambakisye akiniona hapa atafurahi. Atajua mama yake ni mzima." Halafu ananiuliza, "Anaangalia kweli, Mama Lugano?" Na sauti yangu inajibu haraka haraka, "Anaangalia, Mama, badilisha kilemba."

Nikaifungua nyingine. Ambakisye. Nyingine, anauliza kama mke wa Ambakisye atajifungua salama. Mimi nilidhani anachoka kwa ajili ya mchele wangu. Mama hakuwa na habari na mchele wangu! Alikuwa anamsalimia mwanawe, siku nzima, kwa vitenge tisa.

Nilianguka chini ya upenu ule ule. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Bwana, nimechoka kuogopa." Basi. Na wapendwa, hofu iliniachia, lakini aibu haikuniachia, ilibaki, na nadhani ilibaki kwa faida yangu maana ndiyo iliyonisukuma miguu.

Nilimwambia mume wangu kwanza. Alitoka nje akakaa na kokoa zake mpaka jioni. Kisha akarudi akasema, "Nitakuitia kikao." Nikasimama mbele ya ukoo, nikaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi, nikawasikilizisha ile mikia. Shangazi mkubwa, yule mkali, alijifunika uso kwa khanga. Alipofunua hakunitukana. Alisema tu, "Na sisi tulimnyima mtoto jina." Ningependa angenitukana.

Ambakisye nilimpigia mwenyewe, mume wangu akiwa pembeni. Nilimwambia hukuota, shemeji. Alikuwa Mama, nilimrekodi kabla, nikaifuta, nikakudanganya ukiwa mlangoni kwangu. Kisha akasema, "Nitumie." Nikamtumia mikia yote ishirini na saba. Hakujibu kwa siku tatu. Siku ya nne aliandika maneno mawili ya kwetu, "Ndaga fijo." Asante sana. Ndugu zangu, mimi nashukuriwa! Nilitamani ardhi inimeze.

Juzi amefika. Wazee walimpeleka kaburini, wakampa jembe, akaweka udongo aliokuwa anadaiwa na moyo wake. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Sikuthubutu kusogea, na sijui kama nitathubutu hivi karibuni.

Mchele bado nauza. Na posti bado naandaa za mwezi mzima kwa siku moja, sitawadanganya, mpunga haungoji mtu. Ila neno leo silirekodi tena. Leo naiacha ifike yenyewe.

Kama kuna aliyekaa hapa amefuta kitu na mtu mwingine anabeba lawama yake, namsihi, asifanye kama mimi, asisubiri miezi sita. Bwana hakuniaibisha mbele ya watu, nilijiaibisha mwenyewe kwa kunyamaza. Alichofanya yeye ni kunifungua mdomo. Mtegemeeni, anafungua!

Nilimwomba mchungaji niseme haya kabla hajamwita mbele shemeji yangu, yule pale, benchi la tatu, na mkewe. Mtoto waliyempakata anapewa jina mbele ya kanisa, na shangazi mkubwa ndiye atakayelitamka. Anaitwa Tusekile. Leo ni Jumapili, ndugu zangu, na kweli ni Jumapili. Bwana asifiwe.