Tangazo Lililobandikwa Juu ya Dungu la Bi Mwajabu

Mgeni rasmi, umefika Kibiti salama na viatu vikavu. Sisi wakulima wa Salale tumekuja kwa mtumbwi, tukamalizia kwa gari, tumelowa lakini tumefika. Karibu uzindue ukurasa wa matangazo wa tovuti yetu. Tunasema "yetu" kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa juu yake.

HISTORIA

Ushirika ulipokufa tuliambiwa ni uzembe wetu. Soko huria lilipoingia tukaambiwa tuchangamke. Tukachangamka, walanguzi wakachangamka zaidi. Mwaka 2008 ofisi yako ikatuletea tovuti, ili wanunuzi wa Dar es Salaam wauone mpunga wetu. Mtaalamu wako, Bwana Ridhiwani, alitueleza kuwa imejengwa kwa mfumo ambao hata asiyejua kompyuta anabandika habari na picha mwenyewe. Kinachotakiwa ni neno la siri tu. Neno hilo linatunzwa ofisini kwako, lisije likachakaa mikononi mwetu.

MAFANIKIO

Picha ya kwanza ilikuwa ya shamba la Bi Mwajabu Sadala. Ridhiwani alikuja baada ya mavuno, watu tumeshashuka madunguni tunakolindia mpunga, tumerudi kijijini. Mwajabu alimsihi angoje msimu, dungu liwe linafuka moshi na wajukuu wanafukuza ndege. Akajibiwa kuwa picha ni picha.

Kisha yakaja matangazo. Tuliahidiwa ya sabuni na simu. La kwanza likakaa juu ya picha ile ile: "Eneo wazi, maji tele, halina watu. Wawekezaji wa ufugaji wa kamba, karibuni." Chini yake, namba ya ofisi yako. Tunakupongeza, mheshimiwa. Tovuti haijapata wageni wengi kama siku zile.

CHANGAMOTO

Hazipo nyingi. Ni mawe ya mipaka tu. Mwajabu aliwakuta wapimaji wanayachimbia katikati ya shamba lake. Mkubwa wao akamwonyesha karatasi iliyochapwa kutoka mtandaoni.

"Bi mkubwa, huku kumeandikwa hakuna mtu."

Mwajabu akaitazama karatasi, akajitazama na jembe lake begani. "Na mie ni nani, mwanangu?"

Yule akasema hilo halimo katika kazi yake.

Mama wa watu akafunga safari hadi hapa Kibiti. Ridhiwani akamwambia tangazo huondolewa mara moja, ila mwenye neno la siri, yaani wewe mheshimiwa, yuko semina. Semina ilihusu ushirikishwaji wa wananchi. Akamuuliza pia, kama shamba ni lake, mbona dungu lilikuwa tupu.

"Ningekaa nalinda nini, baba? Mabua?"

Mafuriko yalitutoa bondeni, tukarudi. Operesheni ya vijiji ilitutoa, tukarudi. Hayo tunayakumbuka, hata kama mafaili yameyasahau. Lakini kushuka dunguni ukalale nyumbani kwako, hilo hatujapata kusikia likiitwa kuhama.

Sasa mvua za kupandia zimeanza. Mwajabu asipotia mbegu wiki hii, mwaka umempita. Na ameambiwa akithubutu, atashtakiwa kwa uvamizi.

MAOMBI

Hatuombi lami. Umeshatuahidi, inatosha. Kompyuta ile mezani imewashwa, mtandao unashika, na Ridhiwani amekaa pembeni yake, japo anakwepa macho yetu. Tunaomba, kabla hujashika mkasi wa utepe, uende pale uandike lile neno, tangazo liondoke sote tukiona, na kesho mawe yalifuate.

Bi Mwajabu ndiye huyo aliyesimama nyuma ya kiti chako. Amekupikia. Mchele umetoka katika lile eneo lisilo na watu. Amesema wali utapakuliwa na mwenye shamba, pindi ukishatuambia ni nani.

Mola akujaalie afya, macho maangavu na vidole vyepesi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Mpunga, Salale.
Risala imesomwa na katibu, Twalibu Kondo.