Kulala kwa Amri ya Nyapara

Benchi la Emebet muuza kahawa, pale Addis Ababa nyuma ya kanisa, linatosha watu sita, lakini wazee watatu wa kila asubuhi hubanana upande mmoja utadhani wanagombea joto. Majina yao ya utani waliyapata gerezani enzi za wanajeshi, katika chumba kimoja: Nyapara alikuwa mkubwa wa chumba, Dirisha alilala chini ya dirisha, na Ukuta alilala mwisho kabisa, pua kwenye ukuta. Siku hiyo Ukuta alichelewa. Alifika uso umemsawijika, maana alimwacha mkewe, Wubit, anafunga mzigo.

— Anakwenda Adama kwa binti yetu, alisema. Basi la alasiri. Eti jana nimempigia tena kelele usingizini: geuka!

— Akageuka? aliuliza Nyapara.

— Akawasha taa, akanitazama. Kisha akaanza kukunja nguo.

Nyapara alisikitika. Kwake yeye amri ile haikuwa na kosa. Chumba kilijaa hadi watu walilala ubavu, goti la huyu nyuma ya goti la yule, na hakuna aliyeweza kugeuka peke yake. Usiku wa manane alinguruma mara moja tu, na chumba kizima kikageuka, hata waliokuwa ndotoni. Ukuta alikuwa na baridi ya plasta mbele na joto la wenzake wote mgongoni. Tangu atoke hajalala usingizi kama ule, na hilo hajawahi kumwambia mtu nje ya benchi hili.

— Tatizo ni kitanda, alisema Dirisha, ambaye enzi zile aliwasimulia wenzake mambo ya barabarani, hata yasiyokuwepo. Kipana mno, mwenyewe unasema. Panga magunia ya unga upande wa pili.

— Na Wubit?

— Atalala juu ya magunia.

— Hujui kitu wewe, alisema Nyapara. Kosa lake alimpa mke nafasi nzuri siku ya kwanza. Mgeni huanzia wapi? Mlangoni, kwenye ndoo ya choo. Anapanda mdogo mdogo, kadiri wenye nafasi wanavyotoka. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Nyumba ni ya kwake, Nyapara. Mimi ndiye niliyemkuta.

— Basi ndiyo maana hana adabu ya chumba.

— Mi naona tukodi kachumba, alisema Dirisha. Kila Jumamosi twende tukalale watatu, Ukuta apoe.

— Watatu hatutoshi kupashana joto. Tuwatafute na waliobaki. Na chawa tutawatoa wapi?

— Chawa wa nini tena?

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Pasipo chawa watu hawashirikiani.

Emebet alicheka hadi akamimina kahawa nje ya kikombe. Ukuta naye alicheka, ingawa alikuja na msiba wake.

— Mnakumbuka vikapu vya Jumapili? aliuliza. Chakula cha nyumba zote tunamwaga kwenye sinia moja.

— Ule mchuzi wa dengu wa shemeji Wubit, alisema Dirisha. Nilikuwa naulilia machozi.

— Ulilizwa na pilipili.

— Nililizwa na mchuzi, bwana.

Gereza lile liliula ujana wao, na wengine waliingia wasitoke. Ukuta aliyajua hayo yote, na bado alikitamani chumba kile, na kukitamani kulimtia aibu.

— Lakini mlilalaje hasa, wazee wangu? aliuliza Emebet.

Ikabidi wamwonyeshe. Walikaa upande upande benchini, magoti yamekunjwa, kifua cha huyu mgongoni kwa yule, Ukuta akiwa wa mwisho. Mifupa ililia, wao wakacheka kama watoto. Nyapara akanguruma: geuka! Wakageuka wote watatu, wakamkuta Wubit amesimama mbele yao na mzigo wake.

— Karibu shemeji, alisema Dirisha, akijinasua. Kahawa?

— Nimekuja kumwachia ufunguo.

Hakuutoa. Alimtazama mumewe, ambaye bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile Wubit hakuwa amelipata nyumbani kwa muda mrefu.

— Nimesikia mnausifu mchuzi, alisema. Nilikuwa naubeba tangu alfajiri. Askari ananionjesha kwanza, isije ikawa nimeleta sumu. Kisha narudi na kapu tupu, nalala kitanda kilekile anachokiita kipana. Naomba niwaulize kitu.

— Uliza, shemeji, alisema Nyapara.

— Ninyi mlipokuwa mnageuka huko, mimi nilikuwa nageuka na nani?

Nyapara, asiyekosa methali, alitazama ndani ya kikombe. Dirisha alitazama barabarani asiseme ameona nini.  Ndiyo kwanza ilimjia Ukuta kwamba kitanda kile kilikuwa kipana hata kabla yeye hajarudi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

Basi lilikuwa la alasiri, na ilikuwa bado asubuhi. Wubit aliweka mzigo chini, akangoja ajibiwe.