Farasi wa Mlima Scarrow

Hadithi ya mzuka wa gari la farasi la abiria, lililoanguka zamani, unaoshuka Mlima Scarrow kinyumenyume kila penye ukungu, bila dereva, Hester Thorogood aliisikia kwanza kwa Keziah Gotobed, muuza maziwa. Keziah alisema kina Thorogood ndio walioliangusha, kwa kumnyima dereva wake, babu yake Keziah, farasi wa kuongeza nguvu ya kupanda mlima. Tangu ajali hiyo magari ya kina Gotobed hupita mbele ya nyumba ya wageni ya kina Thorogood bila kusimama.

Jioni moja mzee Silas Thorogood alimwita Hester na kaka yake Jabez kitandani kwake.

"Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, pumzi iliyobaki ni ndogo. Nyumba ni yako, Jabez. Ukitaka kuhamia stesheni, hama. Abiria wamefuata treni, na kuinung'unikia reli hakutawarudisha. Sahani za bati mgawane bila kelele. Lakini Kapteni ni wa Hester."

"Baba, farasi yule anakula bure! Magari yenyewe yako wapi?" Jabez alidakia.

"Nimesema usinikatize, kichwa kigumu kama mama yako. Magari ya makaa yapo, na mlima haujapungua. Baba yangu alinifundisha kwamba gari likifika chini ya mlima, funga farasi mbele kwanza, mengine mtaongea kileleni. Kuhusu lile lililoanguka, mimi nilikuwa nanyonya na Keziah hajazaliwa. Huenda tulimnyima yule dereva, huenda alikataa mwenyewe kwa kiburi. Sitakufa nikiapia nisichokijua. Ninachojua ni kwamba ndani mlikuwa na watu. Hester, usimuuze Kapteni maadamu miguu yake ni mizima. Na kina Gotobed..." Kikohozi kilimkaba. "Kina Gotobed nao ni wasafiri. Msinizike kwa fahari. Mungu awape... awape njia kavu, nyote wawili. Funga dirisha, Hester."

Alikata roho kabla hapajapambazuka.

Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda. Hester alikuwa akikanda unga wa mkate wa waombolezaji aliposikia magurudumu yakipita mlangoni, kisha yakisimama hatua chache mbele, mlima unapoanzia. Nje, Enos, mwana wa Keziah, alikuwa akishusha nusu ya magunia yake ya makaa ili apande mlima mara mbili, kama walivyozoea kwao.

"Mwache," Jabez alisema. "Leo tuna msiba."

Hester alijifuta unga mikononi, akamtoa Kapteni zizini, akamfunga mbele ya farasi wa Enos.

"Sikukuomba," Enos alisema.

"Wala mimi sikukuuliza. Rudisha hayo magunia."