Zuhura Haikumngoja Mgeni Rasmi

FELISTA: Haloo? Ni nani?

NATHANAELI: Dada Felista! Ni mimi, Nathanaeli. Shikamoo!

FELISTA: Marahaba, mdogo wangu. Uko wapi?

NATHANAELI: Kiomboi, posta. Nimedandia lori la pamba toka Kinampanda. Dada, ile nyota Zuhura imepotea!

FELISTA: Si ulisema kila jioni iko juu ya kilima?

NATHANAELI: Ilikuwepo! Wazee walikuja wote. Mzee Gaspari akasema, "Mwalimu, nikiona kweli hiyo nyota ina pembe kama mwezi, naingia darasa lako la kisomo, na hawa wote nyuma yangu." Nikaitega ile darubini yako—

FELISTA: Wakaona?

NATHANAELI: Katibu wa kata akazuia. Eti mgeni rasmi hutazama kwanza.

FELISTA: Mgeni rasmi nani?

NATHANAELI: Yeye. Na alikuwa na mikutano.

FELISTA: (anacheka) Mpaka lini?

NATHANAELI: Mpaka juzi. Mzee Gaspari haniitikii tena vizuri, dada.

FELISTA: Pole. Sasa Zuhura inapita kati yetu na ju— (mkwaruzo)

NATHANAELI: Sikusikii!

FELISTA: Iko upande wa jua! Mwanga umeimeza!

NATHANAELI: Nilimwambia Katibu kila jioni ilizidi kulisogelea jua. Akasema Jumamosi tuielekeze darubini kwenye jua.

FELISTA: Mungu wangu! Atapofuka! Ifiche!

NATHANAELI: Ninayo hapa, ndani ya gunia la uwele.

FELISTA: Hapo umefanya la maana. Sikia, wiki ijayo itatokea upande wa pili, mashariki, kabla ya jua. Pembe zake bado zipo.

NATHANAELI: Alfajiri? Lakini saa hiyo wazee wako zizini, wanakamua!

FELISTA: Na Katibu?

NATHANAELI: Katibu huamka saa tatu.

FELISTA: Basi shida yako nini?

NATHANAELI: Ameshatoa taarifa mkoani. Eti wazee wameiona, darasa limejaa, wanasoma kwa bidii.

FELISTA: Ametoa lini?

NATHANAELI: Jana.

OPERETA: Posta hapa. Malizieni.

NATHANAELI: Dada, nikiwaonyesha sasa, si nitakuwa nimemuumbua?

FELISTA: Utamuumbua? Utakuwa umemfanya msema kweli, maskini! Nenda ukawahi lori!

NATHANAELI: Haya, wasalimie—

FELISTA: Nathanaeli! Atazame kwanza Mzee Gaspari! Yeye ndiye mgeni ra—

OPERETA: Muda umekwisha.