Chombo cha Maziwa Kilichokwenda Minnesota

Kijiwe chetu hapa Garsen kinaitwa Bombani, kwa sababu tunakalia bomba la saruji ambalo watengeneza barabara walilisahau kando ya njia ya Hola. Hawakurudi kulichukua, nasi hatukuwakumbusha. Baada ya swala ya alasiri Bishara huleta birika la kahawa ya tangawizi, na likiisha kila mtu huenda zake, hata kama uongo wake haujafika mwisho. Wenye kijiwe ni mimi, ninayesikiliza zaidi kuliko kusema, ingawa wenzangu watakataa. Tuneya, mkulima wa Kulesa tunayemwita Satelaiti kwa kuwa hakuna nchi asiyo na habari zake. Abdinur wa bodaboda, jina lake Breki, kwa sababu hana. Na mzee Dukicha, mfugaji wa Kiorma, tunayemwita Balozi tangu binti yake Hodan aende kusoma Minnesota, Amerika. Siku hiyo Balozi alikuja na simu mkononi na hakutaka kahawa. Tukaingiwa na wasiwasi.

Satelaiti: Balozi, ng'ombe wako wameingia shamba la nani tena?

Balozi: Leo si ng'ombe. Ni Hodan. Ametuma sauti.

Akabonyeza, tukamsikia mtoto wetu, Kiswahili chake kikiwa kimeanza kupata baridi.

"Abba, kile chombo cha maziwa alichosuka bibi, nilichokuja nacho, nataka kukifumua. Nasuka kingine kwa nyaya za umeme, kirefu kunishinda, kisimame katikati ya ukumbi wa maonyesho. Ubavu nimeuweza kwa kuangalia. Kitako ndicho kinanishinda, kila nikikisimamisha kinalala. Nikifumua cha bibi nitaona alivyofanya, lakini sijui kama nitaweza kukirudisha. Bila ruhusa yako sigusi. Niambie leo, Abba."

Balozi: Toka asubuhi niko na hii sauti. Nikisema ndiyo, ni kama nazika mama mara ya pili. Nikisema hapana, mtoto anapata aibu mbele ya watu.

Breki: Lakini mzae, nyaya za stima? Si maziwa yatapiga mtu shoti?

Balozi: Hakiwekwi maziwa. Ni cha kuangalia tu.

Satelaiti: Chombo cha maziwa kisichowekwa maziwa. Ndiyo Amerika hiyo.

Nikamuuliza Balozi wazo hilo limetoka wapi. Akasema limetoka kwa mwalimu. Mwalimu aliwaambia kwamba wasanii wengi wa huko siku hizi wanarudi kwa wazee wao. Kuna wanaochukua mablanketi ya viraka, yale ambayo bibi za watu weusi kule kusini walishona kwa nguo kuukuu za shamba, wanayakata, wanayashona upya na kuyatundika ukutani kama picha. Kuna wajukuu wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile ambao michoro ya vyungu vya nyanya zao wanaihamishia kwenye vioo na mabati. Kisha mwalimu akamgeukia Hodan akamuuliza, kwenu kuna nini? Hodan akakumbuka kile chombo anachowekea kalamu.

Satelaiti: Mablanketi ya nguo kuukuu. Hapo ndipo wahenga waliposema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Wahenga hawakuwa wakisema habari za blanketi.

Satelaiti: Ulikuwepo?

Breki: Mimi nawaelewa, sa. Pikipiki inatoka India ikiwa uchi. Sisi tunaivalisha mwamvuli, redio, manyoya kwa kiti. Ikirudishwa India hawaijui, lakini bado ni ile yao.

Satelaiti: Wewe unaona karibu. Amerika wana jambo. Chini ya kila ukumbi wa maonyesho kuna ghala, na ndani ya ghala kuna vitu vya bibi za dunia nzima. Siku umeme ukizimika ulimwengu mzima, wao tu ndio watakuwa wanajua kukamua.

Breki: Sasa mbona anasuka kwa nyaya za umeme?

Satelaiti: Ndiyo siri yenyewe. Umeme ukikatika, nyaya zitakuwa hazina kazi.

Hata Balozi alicheka kidogo, kisha uso ukarudi ulikokuwa. Bishara akaacha kumimina.

Bishara: Mimi nasema asifumue. Kitu cha marehemu hakifumuliwi.

Balozi: Mama alikifukiza kwa moshi kila asubuhi kabla ya kukamua. Hodan anasema ukifungua kifuniko bado kinanuka moshi. Huko kwenye theluji. Mimi napenda sana kusikia hivyo.

Wakati huo akafika Hulda, msuka mikeka wa kijiji cha Wema, mikeka yake imekunjwa begani, anasubiri gari. Bishara akampa kikombe. Tukamweleza kisa kwa vinywa vitatu, naye akaomba simu aione picha ya chombo, ambayo Hodan aliituma pamoja na sauti. Akaikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku.

Hulda: Baba Hodan, mama alianzia wapi? Kitakoni au mdomoni?

Balozi: Alianzia nini?

Hulda: Kusuka. Mkeka wangu ukiniletea nitakuonyesha nilipoanzia. Hapa kwenye picha sipaoni.

Satelaiti: Mdomoni. Mambo yote huanza mdomoni.

Mimi: Yako, ndiyo.

Breki: Kitakoni bana, kama nyumba.

Hulda: Uliona kikisukwa?

Breki: Mimi? Mimi niliona jerikeni.

Hulda: Na mkeo, baba Hodan?

Balozi: Batula alikuja kwangu na jerikeni, hajui kusuka. Dada zangu walijua. Wamekwisha wote.

Satelaiti, ambaye ana habari za kila nchi, akawa anatazama viatu vyake.

Balozi: Nimekunywa humo toka mtoto. Kila siku nililetewa kimejaa. Sijawahi kuuliza kinaanza wapi.

Hulda: Basi anayejua amebaki mmoja, na ni hicho chombo chenyewe.

Niliona aibu, nasema kweli. Tulikuwa tumewasema Waamerika saa nzima, na katika sisi sote hapakuwa na wa kumjibu mama wa mikeka. Balozi aliishika simu karibu na mdomo, kama mtu anayemnong'oneza mtoto aliyelala.

Balozi: Hodan, mwanangu. Kifumue. Pole pole. Ukifika pale bibi yako alipoanzia, simama hapo hapo, unipigie ile simu ya kuonana. Mimi pia nataka kuona.

Akatuma. Kisha akaomba kahawa, ya kwanza siku hiyo. Bishara akainamisha birika, yakatoka machicha. Hulda akamsogezea nusu ya kikombe chake. Gari la Wema likapiga honi, likaondoka bila yeye. Birika lilikuwa tupu, na juu ya bomba hakuna aliyeinuka. Sote tulikuwa tunaitazama simu.