Siku Nyumba Mbili Zilipochanganyika Kwenye Kompyuta Yangu

Bwakire buya, wenzangu. Mwenyekiti amenipa dakika chache, na mdomo wangu mnaujua, kwa hivyo asiye na subira aanze kunywa chai sasa.

Wengi mnanijua, mimi ndiye mama wa saiba, lile duka la kompyuta hapa Ikonge. Nachapa, natoa nakala, lakini kazi inayonilisha ni vijitabu vya matanga. Sisi Wakisii hatumziki mzee hivi hivi, lazima kuwe na kijitabu chenye picha zake na majina ya jamaa wote.

Sasa kompyuta zangu zilikuwa zimechoka, virusi kila wiki. Fundi mmoja akaniambia kuna mfumo wa bure unaitwa Linux, hauna mambo ya kulipia leseni. Akaniwekea kwenye mashine moja. Ndugu zangu, nawaambia, ile mashine ilikimbia. Nikamwambia afute mfumo wa zamani kwenye zote, asibakishe hata moja. Cha bure ni kitamu, jamani.

Hapo ndipo nilipoanguka. Karani wa kikundi cha majani chai alikuja na programu yake ya mishahara, ikakataa kufunguka. Nikawapigia simu waliotengeneza programu hiyo. Dada akanijibu kwa upole, "Pole mama, hatujatengeneza ya mfumo huo." Akaja mwalimu na programu ya ripoti za shule, vile vile. Mfumo wenyewe hauna ubaya, ila wenye programu za biashara wengi hawaushughulikii. Wateja wakavuka barabara kwa jirani yangu, tena wakinipungia mkono. Nikamwambia mume wangu nafunga, narudi kuchuma majani. Akaniambia, "Ngoja kwanza."

Ikaja familia moja iliyofiwa na mzee wa wake wawili. Kijitabu alikuwa amekitengeneza mtoto wao wa Nairobi, kwa programu ya kulipia. Nikakifungua kwa yangu ya bure, kikafunguka, nikamshukuru Mungu. Kumbe kimevurugika. Picha zimehama, na watoto wa nyumba ya pili wamepanda juu wakakaa chini ya jina la mke wa kwanza. Nyinyi wenyewe mnajua hilo likisomwa mbele ya waombolezaji litaleta ugomvi gani kati ya nyumba hizo mbili. Yule mtoto hapatikani kwa simu, na mazishi ni kesho. Nilikaa nikalia mbele ya mashine.

Mke wa kwanza alikuwa akingoja mlangoni. Akaja akatazama, akaanza kucheka. "Hawa nimewazaa lini?" Akampigia mke mwenzake, ambaye alikuwa hasalimiani naye tangu mzee augue. "Njoo saiba. Watoto wako wamehamia kwangu."

Mke wa pili akaja na leso begani. Mmoja akakaa kulia, mwingine kushoto, nami nikaanza ukurasa mpya kwa programu yangu ya bure. Huyu akitaja mtoto, yule anamrekebisha. "Huyo si wa tatu. Wa tatu ni yule wa mwaka wa mvua ya mawe." Wakabishana, wakacheka, wakalia kidogo, na mimi naandika tu. Kikatoka kijitabu kizuri kuliko kile cha Nairobi.

Kiliposomwa hakuna aliyeguna, na watu wakauliza kimechapwa wapi. Hata kazi za kutoka kule Magwagwa zikaanza kuja. Fundi naye akanirudishia mfumo wa kulipia kwenye mashine moja, ya akina karani na mwalimu. Zile zingine zimebaki za bure na zinachapa kutwa. Wateja wamevuka barabara tena, safari hii wakija.

Namshukuru mume wangu, namshukuru fundi. Wale mama wawili siwataji, ila wamekaa benchi moja hapo nyuma, msigeuke wote.

Anayetaka mfumo wa bure aje, nitamsaidia kwa moyo wote. Lakini kabla hujafuta cha zamani, kaa na wanaokutegemea, waulize kazi yao inafunguka kwa programu gani. Mimi sikuuliza, ikabidi waliofiwa ndio wanifute mimi machozi.