Bi Taratibu Avua Mapezi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha uzamiaji chuoni kwetu, mwalimu tuliyezoea kumwita Bi Taratibu anastaafu tarehe thelathini Juni. Nimepewa kazi ya kumuaga kwa maandishi, nadhani kwa sababu dawati langu linatazamana na lake. Walionichagua hawajui nimemwonea wivu kiasi gani.

Alianza katika chumba cha mitungi, akijaza hewa na kusuuza mavazi ya mpira yanayonuka klorini. Akapanda hadi kufundisha uzamiaji wa mapangoni, ambako mwanafunzi akipata shida hawezi kuibuka moja kwa moja, maana juu yake ni mwamba. Kwa hiyo hakumharakisha mtu. Asiyeweza kuelea palepale bila kutimua mchanga hakupewa mtungi wa pili, ule wa kuingilia pangoni. Mimi nafundisha wanaoanza, na wanafunzi wangu walikuwa wameshamaliza kozi na kupiga picha. Wake walikuwa bado bwawani, wamefunikwa macho, wakipapasa kamba ya kuwaongoza gizani. Cha kuudhi, wangu walikuwa wakitoka kwangu wanakwenda kujiandikisha kwake.

Mmoja wao ni binti yangu. Alipohama, roho iliniuma hata nikawa nakunywa chai peke yangu stoo. Msimu mzima Bi Taratibu alimnyima pango. Nikamfuata kumuuliza mtoto ana kasoro gani. Akaendelea kukausha miwani yake ya kuzamia, kisha akanijibu taratibu:

"Hana kasoro, kaka. Ila bado anapumua kama mtu anayetaka kumfurahisha baba yake."

Nilitoka nimenuna.

Msimu uliofuata akamruhusu binti yangu kuingia pangoni na mwenzake, bila mwalimu. Humo ndani mwenzake alipiga mapezi ovyo, tope likatimka, wasione hata viganja vyao. Sisi tuliosubiri nje tulijua jambo moja tu: wamechelewa. Nilipoanza kuhangaika na mikanda ya mtungi wangu, Bi Taratibu alikuwa ameshavaa wake, yuko majini.

Hakuhitaji kuzama. Binti yangu aliibuka, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umemshika mwenzake, anapumua taratibu kama aliyetoka usingizini. Nilimpanulia taulo. Akanipita, akamkumbatia mwalimu wake.

Bi Taratibu alimshikilia kidogo, halafu akamgeuza kwa mabega na kumsukuma kwangu. Hata hilo, la kunirudishia mwanangu, alilifanya vizuri kuliko ambavyo ningelifanya mimi.

Bi Taratibu, asante kwa kila mzamiaji uliyemkatalia mpaka akawa tayari. Wote wamerudi kwao salama. Tunakutakia afya njema na pumziko refu, lisilo na kengele wala ratiba. Binti yangu, atakayerithi darasa lako, ameshaniambia kwamba Jumapili zake zote atakuwa kwako. Siku mojamoja, tafadhali, mkumbushe apitie na kwangu.